Programu ya mauzo inaniomba ruhusa kila nikiifungua. Niizime hiyo UAC?

*"Habari kaka. Nina steshenari Sinza: tunachapa, tunatoa kopi, tunauza madaftari na kalamu. Kaunta tuna laptopu ya zamani yenye Windows 10, betri yake inakaa dakika tano tu. Kuna kijana alituwekea programu ya mauzo na stoku miaka mitatu iliyopita. Kila tukiifungua skrini inafifia, linakuja swali kama naruhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kifaa changu, tunabonyeza Yes. Kwa siku si chini ya mara kumi na tano, maana vijana wangu wawili wanapokezana, na umeme ukikatika tunaanza upya. Wananiambia, 'Mama, hii kitu inatuchelewesha.' Programu naiamini, haijawahi kunisumbua. Nimeshaiambia antivirusi iiache, swali bado linakuja. Fundi wangu anataka kuizima UAC kabisa, anasema ni kazi ya dakika moja na kompyuta itakuwa nyepesi. Mwingine kasema nikizima tu nimekwisha. Nimsikilize nani? Na kwa nini hakuna mahali pa kuiambia Windows 'hii naijua, usiniulize tena'?"*

Dada yangu, pole. Mteja amesimama na noti yake mkononi anasubiri chenji, nyuma yake kuna wanafunzi wanaotaka kuchapa kazi kabla ya kipindi, na kompyuta inakurudishia swali lile lile la nusu saa iliyopita. Nikujibu kwanza kwa ufupi: usiizime UAC (User Account Control), ule utaratibu wa Windows unaouliza swali hilo. Lakini huna sababu pia ya kuendelea kubonyeza Yes mara kumi na tano kwa siku. Shida iko kwenye programu ya mauzo, au kwenye namna ilivyowekwa, na mara nyingi inatibika bila kugusa ulinzi wa Windows hata kidogo.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu likieleweka mengine yote yanakuwa mepesi. Wengi wetu tunausoma ujumbe ule kana kwamba Windows inauliza, "Je, unaiamini programu hii?" Ukiusoma hivyo lazima ukereke, maana ulishajibu jana na juzi. Kinachoulizwa hasa ni hiki: "Je, ni wewe uliyeomba jambo hili, sasa hivi?" Programu inaweza kuwa njema kabisa na bado ikafunguliwa na asiye wewe. Kirusi kilichoingia na flashi ya mteja kinaweza kuiita programu yako ya mauzo na kuipa maagizo yake, au kubadilisha kipande cha faili zake kwanza kisha ndipo kiiite. Kama Windows ingekuwa imeshaambiwa "hii iachie ipite daima," kirusi hicho kingepita kwa jina la programu unayoiamini. Ndiyo maana hakuna kisanduku cha "usiniulize tena." Na ndiyo maana skrini inafifia: kwa muda ule Windows inahamia kwenye skrini ya pembeni ambayo programu za kawaida haziwezi kuifikia, ili Yes ibonyezwe na mkono wa mtu.

Hapa pia utaona kwa nini antivirusi haikukusaidia. Antivirusi inatafuta faili mbaya. UAC haitafuti kitu chochote. Inalinda haki za msimamizi (administrator), yaani mtu mwenye uwezo wote juu ya kompyuta, na ujumbe wake hauna maana kwamba kuna virusi. Ni idara mbili tofauti. Nikuombe uiondoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazoachwa, maana umeipunguzia ulinzi bila kupata faida yoyote.

Zamani hatukuulizwa. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, watu wengi majumbani na madukani waliitumia wakiwa wasimamizi muda wote, kwa hiyo chochote walichokifungua, hata picha ya uongo yenye kirusi ndani, kilikuwa na uwezo wote juu ya kompyuta. Vista, iliyoingia sokoni Januari 2007, ndiyo iliyoleta UAC, na ilikuwa inauliza kupita kiasi hadi watu wakaichukia. Windows 7 ya mwaka 2009 ikapunguza maswali na kuleta kile kipimo cha kusogeza chenye ngazi nne, ambacho fundi wako anataka kukishusha hadi chini kabisa. Utaratibu wa ndani haujabadilika sana tangu hapo. Ukiingia kwa akaunti ya msimamizi, Windows inakupa vitambulisho viwili: kimoja cha mtu wa kawaida, ambacho programu zako zote zinakitumia, na kimoja cha msimamizi kinachobaki mfukoni. Ujumbe ule ni Windows ikiomba ruhusa ya kutoa kile cha pili. Ukikubali, programu inakuwa nacho hadi ifungwe. Ikifunguliwa tena, inaomba upya.

Sasa fikiria duka lako. Droo ya kaunta vijana wanaifungua wenyewe, ufunguo wa stoo unakaa nao wewe. Kijana akija kuuomba mara moja kwa wiki, ni sawa. Akija mara kumi na tano kwa siku utamuuliza, "Unafuata nini huko?" Naye akikujibu kwamba rimu za karatasi zinakaa stoo, hutamwachia ufunguo moja kwa moja, utahamishia rimu kaunta. Programu ya kuuza madaftari na kuhesabu kopi haina kazi yoyote ya msimamizi. Haibadilishi mfumo wala haiongezi watumiaji. Kama inaomba ufunguo kila siku, kuna rimu yake iliyowekwa stoo.

Kabla ya tiba, nieleze kwa nini fundi wako simuungi mkono, ingawa naamini nia yake ni njema. Kwanza, kompyuta haiwi nyepesi. UAC haili nguvu ya kompyuta ukiwa kazini. Inaamka pale tu ufunguo unapoombwa. Pili, ukishusha kipimo hadi chini, ufunguo unaendelea kutolewa, ila sasa unatolewa kimya kimya kwa yeyote anayeuomba. Wewe una steshenari. Flashi za watu zinaingia kwenye mashine yako tangu asubuhi hadi usiku, na bila shaka umeshaviona vile virusi vinavyoficha mafolda ya mteja na kuweka njia za mkato bandia badala yake. Sidhani kama kuna duka Dar linalohitaji swali lile kuliko steshenari.

Aliyekuambia kwamba ukizima tu umekwisha, naye kaongeza chumvi. Microsoft wenyewe wamekuwa wazi kwamba, kwa mtu anayetumia akaunti ya msimamizi, UAC si ukuta. Kuna virusi vinavyojua kupita pembeni yake. Ni kizuizi kimoja kati ya kadhaa. Hata hivyo kinakamata mengi, na hakikugharimu chochote kikiwa kinauliza mara mbili kwa mwezi badala ya kila saa.

Kuuliza kila saa kuna madhara yake, tena haya ndiyo yanayonisumbua zaidi kwenye barua yako. Niliwahi kuitwa kwenye duka moja Kariakoo lenye shida kama yako. Nilivuta kiti nikamtazama keshia akifanya kazi. Alibonyeza aikoni mara mbili, na kabla skrini haijamaliza kufifia vidole vyake vilikuwa vimeshatua kwenye Alt na Y, njia ya mkato ya kusema Yes bila kugusa mausi. Nikamuuliza mstari wa juu wa ujumbe ule una rangi gani. Hakujua, na alikuwa ameuona mara elfu. Alipogeuka kumhudumia mteja nikachomeka flashi yangu na kufungua programu ndogo isiyo na madhara, isiyo na saini ya mtengenezaji, yenye jina lisilo na maana. Ujumbe ukaja na mstari wa njano. Akarudi, akaona skrini imefifia, Alt na Y. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi nimeona ni ile ile." Vijana wako wako hapo hapo, dada. Kwa hiyo hata ukiiacha UAC ikiwa hai na swali likaendelea kuja mara kumi na tano, kwenye kaunta yako ni kama imezimwa.

Ile rangi ina maana yake. Mstari wa buluu unasema programu ina saini ya kidijitali inayothibitisha imetoka kwa nani. Wa njano unasema mtengenezaji hajulikani. Programu nyingi zinazotengenezwa na vijana wetu hapa mjini zinatoka njano kwa sababu hazina cheti cha kusaini, na hilo peke yake halimaanishi ni mbaya. Lakini nikuulize kwa upole: hiyo ya kwako ilikujaje? Kama kijana aliyeiweka ndiye aliyeitengeneza au anaiuza kihalali, sawa. Kama ni programu ya kulipia iliyovunjwa leseni na kuletwa kwenye flashi, basi neno "naiamini" halina msingi, kwa sababu aliyeivunja aliweza kuongeza chochote ndani. Hiyo dawa yake ni kuiondoa na kununua halali.

Tuchukulie ni halali. Funga programu, nakili folda ya kumbukumbu za mauzo kwenye flashi safi na mahali pa pili. Usiruke hatua hii hata kama una haraka.

Kisha bonyeza aikoni ya programu kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, fungua ukurasa wa Compatibility. Tazama chini kama kuna tiki penye maneno Run this program as an administrator. Mara nyingi tiki hiyo iliwekwa na fundi siku ya kwanza, pale programu ilipogoma kuhifadhi kitu, na hakuna aliyerudi kuangalia sababu. Itoe, fungua programu, ingiza mauzo ya majaribio, funga, fungua tena uone kama yapo. Yakiwepo kwa wewe na kwa vijana, umepona.

Nimesema "kwa wewe na kwa vijana" kwa makusudi, hasa kama kila mmoja ana akaunti yake ya Windows. Programu nyingi za zamani zinahifadhi data ndani ya folda ya Program Files, ambayo mtu wa kawaida haruhusiwi kuandika. Windows, ili zisife, inazidanganya: inachukua kile programu ilichotaka kuandika humo na kukiweka kwenye folda iliyofichwa ya yule aliyeingia, inaitwa VirtualStore. Programu inaamini imeandika pale pale. Matokeo yake, ukiondoa tiki, asubuhi kijana mmoja anaona mauzo yake tu, mwenzake anaona ya kwake tu, na wewe unaona ya wiki iliyopita. Nimeona watu wakilaumiana wizi kwa sababu hii. Data haijapotea, iko mafungu matatu. Ndiyo sababu ya kusisitiza nakala.

Hali hiyo ikijitokeza, au programu ikisema haiwezi kuhifadhi, umeipata ile rimu iliyoko stoo. Mpigie aliyeitengeneza umwombe ahamishie data kwenye folda iliyo wazi kwa watumiaji wote kuandika, tuseme moja ndani ya ProgramData. Kwa mtu anayeijua programu yake ni kazi ndogo, na toleo jipya likiwepo huenda ameshaifanya. Akiwa hapatikani, na data ikiwa kwenye folda yake ya peke yake, fundi anaweza kufungua Properties za folda hiyo, ukurasa wa Security, akawapa Users haki ya Modify. Afanye hivyo kwa folda ya data tu. Asiifungulie folda yenye programu yenyewe, kwa sababu chochote kitakachoingia kitaweza kuibadilisha programu na kusubiri siku utakapoifungua kwa ufunguo wa msimamizi.

Kuna programu zilizorundika kila kitu mahali pamoja, data na programu yenyewe. Kwa hizo, kuisakinisha upya nje ya Program Files, tuseme C:\Mauzo, ni nafuu inayokubalika, mradi isipewe tena haki za msimamizi. Si safi, lakini kwa duka moja lenye mashine moja nisingekukataza.

Nyingine zimeandikwa ndani kabisa kwamba lazima ziombe ufunguo, hata kama hazina haja nao. Hizo unazifungua kwa faili ndogo ya maandishi yenye mistari miwili, inayohifadhiwa kwa jina linaloishia na .bat:

set __COMPAT_LAYER=RunAsInvoker
start "" "C:\Mauzo\mauzo.exe"

Utabadilisha njia ya mstari wa pili ifanane na ya kwako. Maana yake ni kuiambia Windows iifungue kwa haki za aliyeifungua, bila nyongeza. Njia hii naipenda kwa sababu haimwongezei mtu uwezo, inaupunguza. Kama kweli programu inahitaji ufunguo itakwama, nawe utakuwa umejifunza jambo.

Ipo njia nyingine inayosambaa sana, ya kutumia Task Scheduler, kifaa cha Windows cha kupanga kazi zijiendeshe zenyewe: unatengeneza kazi yenye haki za juu kabisa, kisha aikoni inaiita kazi hiyo na programu inafunguka bila swali. Inafanya kazi, na kwa programu inayohitaji haki za msimamizi kweli inaweza kufaa. Kwa duka lako naiweka mwisho. Inarudisha ule mlango wa "ipite daima," na inamfaa mwenye akaunti ya msimamizi tu. Tena ina mtego: kazi mpya huja ikiwa na tiki mbili ambazo watu hawazioni, moja inayosema ianze tu kama kompyuta iko kwenye umeme, nyingine inayosema isimamishwe ikihamia betri. Piga picha: umeme unakatika Sinza, laptopu inahamia kwenye zile dakika tano zako, na Windows inaifunga programu katikati ya mauzo badala ya kukuachia nafasi ya kuhifadhi. Fundi akisisitiza njia hii, hakikisha tiki hizo mbili, zilizo kwenye ukurasa wa Conditions, zimetolewa.

Programu ikishafunguka bila ufunguo, fanya jambo moja zaidi: watengenezee vijana akaunti za kawaida, ile ya msimamizi ibaki kwako na neno lake la siri. Fuata mpangilio huo huo. Ukitenganisha akaunti kabla ya kutibu programu, kila kufungua kutadai neno la siri, kufika saa tano utakuwa umechoka na umewatajia, na hapo tumerudi nyuma. Ukifanya kwa mpangilio, swali likitokea kaunta litakuwa ni tukio: kijana atakuita, utasoma, utaamua.

Na laptopu hiyo ya Windows 10, ujue muda wake wa kawaida wa kupewa masasisho ya usalama uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine inayopokea flashi za watu, anza kupanga bajeti.

Sasa, ni lini uache kujaribu mwenyewe na kumwita mtu akae mbele ya mashine? Kama data yako imeshagawanyika mafungu kama nilivyoeleza, usijaribu kuyaunganisha kwa kubahatisha. Kama duka lina kompyuta zaidi ya moja zinazotumia data ya pamoja, au programu imeunganishwa na mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, haki za folda zinahitaji mtu anayejua. Na kama ujumbe unatokea wakati hakuna aliyefungua kitu, hapo usibonyeze Yes hata ukiwa na mstari wa buluu. Kirusi kinaweza kuitumia programu halali ya Microsoft yenyewe, kama ile ya kuandikia amri, ambayo ina saini na inatoka buluu safi, huku amri iliyo ndani ni ya kwake. Bonyeza Show more details usome faili inatoka folda gani na inaamriwa nini, piga picha kwa simu, kisha bonyeza No. Zima intaneti ya mashine hiyo, na mambo ya benki uyafanye kwenye kifaa kingine hadi ikaguliwe.

Atakapokuja fundi, huenda jambo la kwanza atakalosema ni kupiga Windows upya. Inaweza kweli kuwa lazima. Muonyeshe ile picha kwanza, mwambie akutajie kwa maneno yake ni programu ipi iliyoomba ufunguo na ilikuwa inataka kuandika wapi, na asiguse kitu hadi ahakikishe mbele yako kwamba nakala ya folda ya mauzo inafunguka kwenye kompyuta nyingine.